Bakuli la Wambeti

Mjukuu wangu Kendi alinipigia simu akaniambia nisipange kitu chochote siku ya Ijumaa, kwa sababu darasa lao lingepika mbele ya walimu na kila mwanafunzi aliruhusiwa kualika mgeni mmoja. Yuko mwaka wa mwisho chuoni Embu, na anachosomea kina jina refu: lishe, chakula cha wagonjwa na usimamizi wa hoteli. "Guka," yaani babu, "usiniangushe," alisema. "Wengine wanaleta mama zao. Mimi nakuleta wewe, kwa sababu ni wewe ulianza hii maneno." Nilimwambia sikuanza chochote, nilisoma kozi ya mwaka mmoja tu wakati wa Emajensi, ile Hali ya Hatari ya mkoloni, ya kujua kupika na kujua nani ale nini. "Ni hiyo hiyo," akanijibu. "Sisi tumeongezewa makaratasi tu." Basi Ijumaa nikavaa koti langu la kanisani nikatoka kwangu Kianjai, huko Meru, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeketi katika ukumbi wenye meza za vitambaa vyeupe, nikitazama vijana wa kiume waliovaa aproni nyeusi wakipita na sinia viganjani, vifua mbele, kama watu waliopandishwa cheo. Hakuna aliyewacheka. Wasichana walikuwa wakiwapiga picha. Nilihama kiti mara mbili, mara nikisingizia jua, mara nikisingizia upepo, hata mzee mwenzangu wa meza ile akaniuliza kama nina siafu. Kisha Kendi akaja na sinia yake, akaniwekea bakuli dogo. "Hii ndiyo projekti yangu. Uji wa watoto. Onja, halafu uniambie nimetia nini." Sikuhitaji kuonja. Harufu ilikuwa imenifikia kabla bakuli halijagusa meza. Ilikuwa harufu ya samaki wadogo waliokaushwa, wakakaangwa bila mafuta, wakasagwa na kuchanganywa na unga wa wimbi. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kijiko, na hapo hapo ulikwama.

Mwaka niliousoma mimi ulikuwa mwaka ule ambao watu wa Embu walikuwa wamemaliza kuhamishwa kutoka mashambani mwao na kusukumwa ndani ya vijiji vya Hali ya Hatari, nyumba zimebanana, mtaro kuzunguka, lango moja. Mimi sikutaka kozi ile. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilijiona daktari tayari. Nilitaka kwenda Uganda kusoma. Lakini siku zile Mmeru, Mwembu au Mkikuyu hakuweza kuvuka daraja bila pasi, sembuse mpaka. Mwalimu wetu mkuu aliniita akaniambia kuna hospitali ndogo ya misheni, mwendo wa miguu kutoka mjini Embu, inayofundisha vijana usimamizi wa chakula cha wagonjwa. "Ni kama udaktari," alisema, "ila dawa yenyewe inatafunwa." Nikakubali kwa sababu moja tu: kozi ilikuja na pasi. Sikuuliza tutafundishwa nini. Nilipofika na kukabidhiwa aproni, niliikunja nikaitia chini ya godoro, na siku ya kwanza niliingia jikoni bila aproni nikatoka na mchuzi kifuani. Kwetu mwanamume akishatahiriwa haingii tena upande wa mafiga kwa mama yake. Anaketi nje, anakohoa, chakula kinamfuata. Mimi nilikuwa nimevuka utoto miaka michache tu iliyopita, na sasa nilikuwa nakoroga sufuria mbele ya wanawake. Nyumbani niliwaandikia kwamba nasomea udaktari. Uongo ule ulikuwa mdogo, na ulinifundisha kwamba jambo la kuaibisha linaweza kufunikwa kwa jina zuri likapita.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, sanduku langu, sanduku la Njeru, na dirisha lililotazama barabara. Njeru alikuwa kijana wa pale pale Embu, mwembamba, mwenye mdomo usiofungwa. Kutoka dirishani tuliona kizuizi cha barabarani, gogo lililolazwa juu ya mapipa, na homgadi wawili, walinzi wa upande wa serikali, waliokuwa wakikagua pasi za watu huku wakila ndizi za watu hao hao. Kila alasiri, masomo yakiisha, nilitembea hadi kwenye gogo lile, nikaonyesha pasi bila kuulizwa, nikageuka nikarudi. Sikuwa na ninakokwenda. Nilitaka tu kujua kwamba ningeweza kwenda. Siku za mvua, nilizunguka chumbani kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka Njeru anarusha kiatu. "Kirimi, keti chini! Utatoboa sakafu ya wamisheni watukate mshahara ambao hata hatulipwi." Nilimwambia yeye anaweza kuketi kwa sababu hana mipango. "Mipango ninayo," alisema. "Mpango wangu ni kula hapa mpaka hii vita yao iishe." Na kwa kweli alikula. Chakula chetu kilikuwa githeri ya mahindi na maharagwe yenye mboga, viazi vya Kibirichia lori likipita, na Jumapili kipande cha nyama ambacho Njeru alikiita mgeni, maana hakikukaa.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye haraka, tuliyemwita Bibi Mizani kwa sababu hakuna kilichoingia kwenye sufuria yake kabla ya kupimwa. Alitufundisha vyakula vya kujenga mwili na vya kutia nguvu, alitufundisha kwamba mgonjwa wa figo hapewi chumvi na mgonjwa wa sukari hapewi uji mtamu hata akilia. Alhamisi alitufundisha kuhudumia wageni mezani, kwa kuwa alisema kuna siku nchi hii itakuwa na hoteli zetu wenyewe. Tuliandaa meza moja mbovu, mguu wake mmoja ukiwa juu ya tofali, uma kushoto, kisu kulia, na kwa zamu mmoja wetu alikuwa mgeni. Njeru akipata zamu aligeuka kuwa bwana mkubwa wa wilaya. Alitoa tumbo ambalo hakuwa nalo, akasema kwa pua: "Boi! Supu yangu ina inzi." Nami nikainama upande wa kushoto nilivyofundishwa, nikamjibu: "Ni protini, Bwana. Hatuongezi bei." Bibi Mizani alicheka mpaka akaketi. Namkumbuka hivyo, ameketi juu ya gunia la maharagwe, anafuta macho, wakati nje ya dirisha foleni ya akina mama ilikuwa inazidi kurefuka na watoto migongoni.

Watoto wale sijawasahau. Nywele zao zilikuwa zimegeuka nyekundu na nyepesi kama hariri ya mahindi, miguu imevimba, ngozi inabanduka, na walikuwa kimya. Mtoto mwenye njaa ya kawaida hulia. Hawa walikuwa wamepita huko. Vijijini mle ng'ombe hawakuwa na malisho, mashamba yalikuwa mbali na saa za kwenda zilikuwa chache, na akina mama walishinda wakichimba mtaro wa kuzuia watu wa msituni, wapiganaji waliopinga serikali ya mkoloni. Watoto walibaki na bibi zao wakila muhogo na uji mwepesi. Miongoni mwa waliolazwa alikuwa Wambeti, msichana aliyekuwa na umri wa kutembea lakini hakutembea. Mama yake aliitwa Ciarunji, ila hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Ng'ina wa Wambeti, mama yake Wambeti, kwa kila mtu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mikono imekakamaa kwa jembe, na alipoketi barazani na wenzake wao ndio waliokuwa wakisema. Nilikuwa nikipitapita pale na ndoo ili niwasikie. Lugha yao na yetu ya Kimeru zinasikilizana. "Huyu kijana wa Meru anatembea kama mtu aliyetoroka," alisema mmoja wao siku moja. "Hajatoroka," Ng'ina wa Wambeti akajibu, "anatafuta mlango." Wakacheka wote, nami nikajifanya sikusikia.

Maziwa ya unga yalipokwisha hospitalini, na hayakujulikana yatafika lini, lilikuja gunia la dagaa kutoka ziwani. Mpishi mkuu, Mzee Abdala, alikuwa Mwislamu wa mjini Embu, mtu wa Kiswahili kilichonyooka na kofia safi hata kwenye moshi. Alifungua gunia lile kwa furaha. Sisi tulirudi nyuma mpaka ukutani. Kwetu samaki hawakuliwa. Hawakuwa chakula tulichokataa; hawakuwa chakula kabisa, kama vile panya si chakula. "Tazama mashujaa wa mlimani!" Mzee Abdala alisema. "Wanakamatana na simba, wanamkimbia dagaa!" Njeru, ambaye hakuweza kuacha mzaha, alichukua mmoja kwa mkia, akafumba macho, akatafuna, akakimbilia nyuma ya tangi la maji. Tulimsikia akitapika, kisha akarudi akasema alikuwa mtamu. Waliponisogezea mimi nilisema nimeshiba. Bibi Mizani aliwapikia akina mama dagaa kwa nyanya, akawaeleza kupitia kwangu kwamba hii ni dawa ya uvimbe. Walitazama mabakuli. Mmoja akauliza kwa nini nyoka hawa wa majini wana macho. Chakula chote kilimwagwa chini ya uzio, na hata mbwa wa hospitali hakukigusa.

Wazo la kuwasaga lilikuwa langu. Nimesikia watu wakisema katika uzee kwamba walisukumwa, kwamba nyakati zilikuwa ngumu. Mimi sikusukumwa na mtu. Nilimwambia Bibi Mizani kwamba Mzee Abdala akiwakaanga wakauke kabisa, akiwatwanga na kuwachunga, na mimi nikichanganya unga ule na wimbi uliochacha, nikaponda na ndizi mbivu, harufu itazama. Aliniuliza kama akina mama watakubali. Nikamwambia hawana haja ya kujua. Alitazama wodi, akasema tujaribu. Siku ile niliivaa aproni bila kuambiwa. Chumbani, Njeru hakucheka. "Waambie," alisema. "Wakijua hawatakunywa," nikamjibu. "Basi wasinywe siku mbili, ya tatu watakunywa. Kirimi, siku hizi mtu akificha kitu ndani ya chakula cha mwenzake, unajua watu wanakiita nini?" Nilijua. Kila mtu alijua. Wanakiita kiapo, maana kiapo cha msituni kililiwa, na vijijini mtu alilala akisikiliza nani kalishwa nini na nani. Upande wa pili kulikuwa na uvumi kwamba serikali inatia sumu kwenye maji na unga. Hakuna mama aliyepokea hata kiazi kwa jirani bila kukiona kikichemka. Nami, kijana msomi, nikasema hayo ni mambo ya nje ya uzio. Hapa ni hospitali.

Na uji ulifanya kazi. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba ulifanya kazi vizuri sana. Baada ya wiki chache uvimbe ulikuwa unashuka, nyuso zikaanza kuonekana zilivyokuwa. Wambeti alianza kwa kulia, na mama yake aliposikia kile kilio alitoka nje akasimama akiushika ukuta. Halafu mtoto akaanza kuketi, halafu kutambaa hadi mlangoni kila aliposikia ndoo yangu. Aliniita Ucuru, yaani uji, kwa kuwa hakunijua kwa kitu kingine. "Ucuru! Ucuru!" na wodi nzima ikalidaka jina, hata Njeru aliniita Bwana Ucuru. Ng'ina wa Wambeti aliniuliza mara moja, kwa upole, uji huu nautia nini, maana wa kwake nyumbani hauna nguvu hii. Nilikuwa nimechutama, mtoto ameshika kidole changu. Nilikuwa na nafasi ile. Nikasema, "Ni wimbi tu, mama. Na kupika kwa ujuzi." Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikwenda kuonyesha pasi kwenye gogo. Nilikuwa nimetulia.

Chungio la Mzee Abdala lilitoboka, na hatukuona. Asubuhi moja kweupe, akina mama wote wakiwa barazani wanawanywesha watoto, Ng'ina wa Wambeti aliniita. Hakupaza sauti. Katika kiganja chake kulikuwa na kichwa kidogo, kikavu, kisichozidi punje ya hindi, chenye jicho. "Hiki ni nini?" Wenzake walisogea kuona. Ningeweza kusema samaki. Neno lenyewe ni fupi. Nikasema, "Ni dawa." "Dawa ina jicho?" Akaliinua bakuli la Wambeti, la enameli nyeupe lenye ukingo wa buluu, likiwa bado nusu, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. "Basi kunywa, mwanangu. Kama ni dawa, kunywa tuone." Nililipokea. Niliwahi kueleza darasani, mbele ya Bibi Mizani, kwa nini dagaa ni bora kuliko nyama. Nilikuwa nimepika uji ule kila asubuhi na nilikuwa sijawahi hata kulamba mwiko. Nilileta bakuli mdomoni na harufu, ambayo nilijivunia kuizamisha, ikapanda. Koo langu likajifunga. Nilijiamuru, na midomo yangu haikufunguka. Naapa nilitaka kunywa. Lakini wao hawakuona nilichotaka. Waliona kijana aliyepika uji akiogopa kuunywa.

Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Mwanamke wa karibu na mlango alimtia mtoto wake kidole kooni atapike. Kisha wote wakafanya hivyo. Kisha wakaanza kufunga vitambaa migongoni. Bibi Mizani alikuja mbio akiniuliza kuna nini, waeleze, waeleze basi, nami nikaanza kueleza, samaki, ni samaki tu, jamani ni samaki, lakini nilikuwa nimesema wimbi, halafu dawa, na samaki lilikuwa neno langu la tatu. Ng'ina wa Wambeti alinichukulia bakuli mkononi, akamwaga uliobaki kwenye nyasi, na wakatoka. Wambeti alikuwa mgongoni mwa mama yake, amegeuza shingo. Aliniita jina langu lile la uji. Homgadi kwenye gogo waliwakagua pasi na kuwaruhusu, maana mtu kurudi kijijini kwake hakukuwa kosa. Mchana ule ule ofisa mmoja alikuja kuuliza kama ni kweli watu wanalishwa kiapo hospitalini. Bibi Mizani akamwonyesha gunia. Ofisa alicheka sana, akaondoka na hadithi ya kuwasimulia wenzake.

Ningeweza kuwafuata kesho yake. Pasi nilikuwa nayo, kijiji cha Ciarunji kilikuwa upande wa chini kuelekea Mbeere, mwendo wa nusu siku, na Bibi Mizani angeniruhusu. Sikwenda, na sababu niliyojipa nilidhani ni nzuri. Nilijiambia kwamba nikifika kule na kusema samaki, wataniambia kula tuone, na nikishindwa mara ya pili mambo yamekwisha. Basi kwanza nijifunze kula. Nikamwomba Mzee Abdala, naye akanipeleka nyumbani kwake mjini, akaniketisha kwenye mkeka, mke wake akaleta dagaa wa nazi na wali. "Usimtazame machoni," aliniambia. "Mtazame mimi." Siku ya kwanza nilifika hadi ulimini. Siku iliyofuata nilimeza mmoja na maji, kama kidonge. Kila jioni ya mapema, kabla ya kafyu, nilikwenda, na nilianza hata kuifurahia nyumba ile, watoto wake wakinishangilia kila nikimeza kama timu ya mpira. "Bado nazi imewaficha," nilimwambia Mzee Abdala. "Nataka nimle mkavu, bila kusita." Akanitazama. "Kwani huyo mama anataka kukuona wewe ukila, ama anataka mtoto wake ale?" Nikamwambia yeye hawaelewi watu wetu. Kisha kukawa na mtihani, nami niliongoza. Njeru ndiye aliyeniambia, akiwa amelala amegeukia ukuta: "Umejua samaki sasa. Nenda basi."

Nilikwenda na mkebe wa dagaa waliosagwa na wengine wazima. Njia yote nilikuwa nikila mmoja mmoja, na koo lilikuwa wazi. Langoni mlinzi aliipindua pasi yangu, akaninusa, akaniruhusu. Nilimkuta bibi kizee ameketi mbele ya nyumba akipepeta maharagwe, nikamsalimia nikamwambia namtafuta Ng'ina wa Wambeti. Aliendelea kupepeta. "Yuko mtaroni. Watatoka jua likiwa juu," alisema. "Lakini akija usimwite hivyo. Mwite Ciarunji." Nilidhani sikusikia vizuri, nikamuuliza mtoto je. Akaonyesha kwa kidevu nje ya uzio, upande ambako udongo ulikuwa mpya. "Miguu ilijaa tena," alisema. "Juzi."

Ciarunji alifika na udongo hadi magotini. Aliponiona hakushtuka. Aliingia ndani akatoka na bakuli la enameli, limesuguliwa kwa mchanga mpaka buluu ya ukingo inang'aa. "Bakuli lenu," alisema. "Tulitoka nalo kwa haraka. Hatukuiba." Nami, badala ya kulipokea, nilifungua mkebe. Sijui nilikuwa nafikiri nini; nadhani nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja tu na sikuwa na jingine. Nilijaza kiganja nikala mbele yake, macho na mikia, nikameza, nikajaza tena. Aliniacha nimalize. "Umejua kula," alisema. "Ni vizuri." Kisha akauliza, "Ilikuwa samaki tu?" "Samaki tu, mama." "Hakuna kingine?" "Hakuna." Alifikiri. "Ungeniambia ni samaki ningekataa. Siku hiyo ningekataa, na kesho yake ningekataa. Halafu ningeona anavyovimba, ningempa. Ningeziba pua nimpe. Ni wewe nilikataa, si samaki." Filimbi ililia kule mtaroni. Akaniwekea bakuli mikononi kwa mikono miwili, kama siku ile, akachukua jembe lake akaenda.

Bakuli nililirudisha hospitalini, likawekwa kwenye rafu pamoja na mengine, na kufikia kesho yake sikuweza kulitambua. Nilimaliza mwaka nikiwa wa kwanza. Nilipata kazi katika majiko ya shule huko Meru nikaifanya mpaka uzee, na walionijua walinicheka kwa tabia moja: kila siku kabla ya kupakua nilisimama mlangoni nikawatajia wanafunzi kila kilichomo sufuriani, hata kama ni maharagwe yale yale ya jana. "Mpishi, si tunaona!" walikuwa wakinipigia kelele. Wachache wa akina mama wale walirudi hospitalini, baada ya Njeru, siyo mimi, kukaa barazani kila asubuhi akila dagaa na kutania mpaka wakazoea. Hilo nalo lingewezekana tangu siku ya kwanza. Njeru alilipendekeza, kwa namna yake. Habari za Ciarunji sikuzitafuta tena. Niliwahi kupita upande ule, vijiji vikiwa vimeshavunjwa na watu wamerudi mashambani mwao, na gari lilipopunguza mwendo niligeuzia uso upande wa pili.

"Guka, mbona umekwama?" Kendi alikuwa bado amesimama, aproni imefungwa vizuri, uso una wasiwasi wa mtihani. Nyuma yake alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto kiunoni, mmoja wa akina mama waliokuwa wamealikwa kutoka kliniki ya karibu, anasubiri bakuli lake. Nilipeleka kijiko mdomoni. Ulikuwa uji mzuri, mlaini, bora kuliko wangu. Niliumaliza wote, nikasikia wimbi na ndizi na chini yake kile kitu, na sikuona fahari yoyote kwamba koo langu lilikuwa wazi. Kendi akamgeukia yule mama amkabidhi bakuli, na kabla mkono wake haujafika nilikuwa nimeinuka, nimeshika meza, nasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Mama, ngoja! Ina samaki ndani. Huo uji una samaki." Ukumbi ukageuka. Kendi akafunika mdomo kwa mkono. Yule mwanamke akanitazama, akamtazama Kendi, kisha akacheka, siyo kwa dharau.

"Najua, mzee," alisema. "Alituambia mlangoni."

Akaketi kwenye kiti nilichokuwa nimekihama, akapuliza kijiko, akampa mtoto.